Ploti imegeuka tarehe: maswali yenu ya TEHAMA kitivo cha kilimo

Meseji zimejaa wiki hii, masika yameanza na watu wako shambani, nikaona nijibu kadhaa kwa pamoja. Mi nasimamia TEHAMA kwenye kitivo cha kilimo, mafundi wawili na mimi wa tatu, kwa hiyo haya ninayoandika ndo tunakutana nayo kila siku.

Kaka habari za kazi. Kwenye faili langu la mavuno ya mahindi ploti 3-4 imejiandika 3-Apr. Nikibadilisha iwe maandishi inatoka 45750. Ni virusi? (Mwanafunzi wa uzamili)

Sio virusi mdogo wangu, ni Excel yenyewe. Ukiandika 3-4 inadhani unamaanisha tarehe 3 mwezi wa 4, inajiwekea mwaka, afu ndani inahifadhi hesabu ya siku kuanzia mwaka 1900, na 45750 ndo 3 Aprili 2025. Ile 3-4 yako haimo tena humo, hata ubadilishe fomati mara mia. Sasa utasema basi nasoma tarehe narudisha namba, na ingewezekana kama faili limekaa kompyuta moja, ila kama data zimeingizwa pia kwenye kompyuta yenye mpangilio wa Kimarekani, kule 3-4 inasomeka Machi 4, kwa hiyo rudufu (marudio ya jaribio) ya 3 ploti ya 4 na rudufu ya 4 ploti ya 3 zinaweza kuchanganyikana na hutajua ipi ni ipi. Rudi kwenye daftari la shamba. Tulishakaa na binti mmoja mchana mzima, madaftari mezani, kurasa zina tope na penseli imefifia, yeye anasoma mi naandika, ploti 96 moja baada ya nyingine. Zilipona zote kwa sababu hakuyatupa yale madaftari, tafadhali na wewe usiyatupe.

Kuanzia leo andika R3P04, yaani rudufu ya 3 ploti ya 4, herufi itangulie, na safu uiweke iwe ya maandishi kabla hujaandika chochote. Na majina ya mbegu myaangalie pia, maana aina ya mbegu ikiitwa 2E5 Excel inaigeuza kuwa laki mbili. Usione aibu, hata wanaosimamia majina ya jeni za binadamu ilibidi mwaka 2020 wabadilishe majina kwa sababu hiyohiyo, MARCH1 ikawa MARCHF1.

Mkuu, umeme unakatika sana. Friza ya minus 80 tuichomeke kwenye UPS ya ofisini? (Fundi sanifu wa maabara)

Hapana jamani. UPS ya chini ya meza, lile boksi la betri la kushikilia umeme ukikatika, imetengenezwa kwa kompyuta, kompresa ya friza ikiwaka inavuta umeme mwingi kwa mpigo, UPS itazima au itaungua. Friza inahitaji jenereta inayojiwasha yenyewe, kifaa cha kulinda umeme unaopanda na kushuka, na kengele ya joto na ya umeme kukatika inayotuma meseji. Umeme ukikatika usiifungue kabisa, hata kuchungulia tu.

Hiyo kengele niiongelee kidogo maana iliniumiza. Tulifunga, tukaijaribu, ikatuma meseji vizuri, tukasahau. Miezi ikapita, laini ya simu iliyomo ndani ikaisha salio na hakuna aliyekuwa na kazi ya kuliongeza. Jumamosi umeme ukakatika, Jumatatu asubuhi tunafungua mlango tunakuta maji sakafuni, sampuli za majani za misimu miwili zimelainika kwenye boksi. Yule mtafiti hakunigombeza, alikaa tu kwenye stuli kimya. Sasa hivi kila Ijumaa saa 9 mchana fundi anaizima friza ukutani dakika moja mpaka kengele ilie kuwa umeme hakuna na simu tatu ziingie meseji, ndo tunaondoka.

Kila mtu ananipigia simu yangu binafsi, Profesa anataka printa, shamba wanataka vishikwambi. Naanza na nani? (Msimamizi mpya)

Anza na kile ambacho kikiharibika leo hakirudi mpaka mwakani: sampuli, kisha data za shambani, kisha matokeo ya wanafunzi, printa baadaye. Bandika ukutani kalenda ya kupanda na kuvuna ya kila mradi, na wiki ya mavuno usisasishe programu yoyote wala kuzima seva. Maombi yote yaingie sehemu moja, hata kama ni daftari la kaunta. Profesa akipiga mwambie shikamoo Profesa, nimekuandika, kuna watu wawili mbele yako. Wengi wanaelewa wakiambiwa ukweli.

Shamba letu halina mtandao kabisa, Kobo itafanya kazi?

Itafanya. Kobo ni programu ya kukusanya data kwa fomu kwenye simu au kishikwambi: pakua fomu ukiwa chuoni, jaza shambani, tuma ukirudi, na GPS haihitaji bando, ila mara ya kwanza isubiri ikiwa nje peupe. Hatari iko katikati hapo: fomu ambazo hazijatumwa ziko kwenye kishikwambi tu, mtu akifuta programu zimeondoka. Sheria yetu ni kwamba gari likirudi vishikwambi vinaletwa ofisini kwanza, fomu zinatumwa tukiona, ndo watu wanaenda kula.

Kompyuta inayoendesha mashine ya kupima udongo ni Windows 10, tuipandishe?

Msiiguse kabla ya kumuuliza mwenye mashine. Ni kweli Microsoft waliacha kuihudumia 14 Oktoba 2025, lakini programu ya mashine inaweza kugoma kwenye toleo jipya. Itoeni kwenye mtandao, nakilini diski nzima iwekwe kabatini, na matokeo yatolewe kwa flashi moja maalumu inayokaguliwa kila mara.

Orodha ya wakulima na namba zao tunarushiana kwenye grupu la WhatsApp, kuna shida?

Ipo, tena kubwa. Tanzania kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya wana yao ya 2019. Tenganisheni faili, majina na simu kwenye moja lenye nywila analoshika mtu mmoja, mavuno kwenye jingine ambalo kila mkulima anaandikwa kwa namba badala ya jina. Lile lililoko kwenye grupu lifuteni leo, na kila aliyelipakua alifute kwenye simu yake.