Je, bunduki isafishwe kila baada ya kupiga risasi?

Ndugu yangu, umeuliza kama ni lazima usafishe bunduki kila utokapo uwanja wa shabaha, hata ukiwa umepiga risasi chache tu. Kwa risasi za kisasa, bunduki ya mazoezi inaweza kungoja siku kadhaa. Ila ile unayoitegemea kwa ulinzi, isafishe kila ukiitumia.

Kinachobadilisha mambo ni aina ya risasi. Nyingi za zamani za kijeshi zina fataki (kile kidonge kitakoni mwa risasi kinachowasha baruti) inayoacha chumvi ndani ya mtutu. Chumvi hiyo huvuta unyevu, na kutu huanza upesi. Hapo usingoje kesho: pitisha maji ya moto kwanza, maana mafuta peke yake hayayeyushi chumvi, kisha kausha vizuri na upake mafuta. Baruti nyeusi nayo ni hivyohivyo. Jasho, mvua na hewa ya bahari pia havisubiri.

Usisugue kupita kiasi (wengine husugua kama sufuria!). Inapowezekana brashi iingie kwa nyuma, kwani mdomo wa mtutu ukichakaa shabaha huharibika. Mafuta yawe kidogo. Yakizidi hukusanya vumbi.

Kabla ya yote, toa magazini (kisanduku cha risasi), kagua chemba, yaani pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu, kwa macho na kidole, na risasi zikae chumba kingine.