Maswali ya Wasomaji: Kigoda, Tambiko na Kanisa kwa Waakan wa Ghana

SWALI: Mimi ni Mmoravian. Nasikia Wamoravian weusi kutoka Karibi ndio waliosimamisha kanisa Ghana. Ni kweli? Na kwa nini Wakristo wa kule walijengewa mtaa wao peke yao? (Msomaji, Mbeya)

JIBU: Kwa sehemu kubwa ni kweli. Misheni ya Basel, shirika la Kiprotestanti la Uswisi, ilipeleka watu wanne Christiansborg, ambayo leo ni sehemu ya Accra, Desemba 1828. Hata mwaka haujaisha, watatu walikuwa wamekufa. Andreas Riis alifika 1832, akapanda milima ya Akuapem na kuhamia Akropong 1835, lakini kufikia 1840 alikuwa hajabatiza mwenyeji hata mmoja. Mambo yalibadilika 1843 walipoletwa Wamoravian weusi 24 hivi kutoka Jamaica na Antigua. Walikuja na familia, na mbegu na miche pia, ikiwemo miembe.

Mtaa wenyewe uliitwa Salem. Aliyebatizwa alihamia huko, akawa na mke mmoja, asifanye kazi Jumapili, na kesi zake zikaamuliwa na wazee wa kanisa, faini zikiwemo. Wamisionari waliogopa kwamba mtu akibaki katika nyumba ya abusua, yaani ukoo wa mama, ataingizwa kwenye matambiko kila mtoto anapozaliwa na kila mgonjwa anapolala kitandani. Hofu hiyo ilikuwa na msingi, ila dawa yake ilileta ugonjwa mwingine: chifu alijikuta na raia wenye baraza lao. Juu ya kuwapo kwa Mungu hapakuwa na ugomvi wowote. Waakan walikwisha kumjua Onyankopon, muumba wa vyote. Ugomvi ulikuwa ni nani mwenye mtu: ukoo na chifu wake, au kanisa.

SWALI: Shemeji yangu wa Kumasi, Mpresbiteri, ametajwa kuwa chifu. Kanisani wanamtazama kwa jicho baya. Uchifu una tatizo gani? (Msomaji, Dodoma)

JIBU: Tatizo liko kwenye chumba cha vigoda, yaani viti vya enzi vya machifu. Chifu akifia madarakani kwa kifo chema, kigoda chake hupakwa masizi yaliyochanganywa na kiini cha yai, kikahifadhiwa kama makao ya roho yake. Mrithi anaposimikwa huinuliwa na kushushwa mara tatu juu ya kigoda cha mhenga, akiguse tu bila kukaa. Baada ya hapo kuna Adae. Katika kila mzunguko wa siku 42 ziko mbili, Akwasidae inayoangukia Jumapili na Awukudae ya Jumatano, ambapo wahenga hupelekewa kinywaji na viazi vikuu vilivyopondwa, mara nyingine na damu ya kondoo. Akwasidae basi inagongana na ibada, hata kwa saa.

Makanisa mengi yaliwahi kumzuia chifu Meza ya Bwana. Siku hizi msimamo si mmoja. Wapo machifu wanaomwachia mzee wa ukoo kazi za chumbani, wao wakabaki na baraza, ardhi na maendeleo. Hapo pana hatari yake, kwa sababu kupuuza vigoda ni sababu tosha ya kuondolewa. Ndiyo maana mapatano hayo hufanywa kabla ya kiapo, mbele ya ohemaa (malkia mama, anayempendekeza chifu) na wazee wanaomsimika, na mchungaji ajulishwe mapema. Akishaapa, hana tena nguvu ya kuweka masharti.

SWALI: Naenda kwenye matanga Kumasi. Wakimwaga tambiko nifanyeje, mimi Mlutheri? (Msomaji, Arusha)

JIBU: Simama kimya. Okyeame, msemaji wa chifu, hushika schnapps (pombe kali) au tembo la mchikichi. Onyankopon huonyeshwa kinywaji juu bila kumwagiwa. Kisha huitwa Asase Yaa, yaani ardhi, halafu wahenga. Watu huitikia kila sentensi. Ukinyamaza hakuna atakayekufuatilia. Kitakachokuletea lawama ni kutoka nje au kuanza kukemea. Salamu za mkono anza na aliye kuliani kwako ukielekea kushoto, na usitumie mkono wa kushoto kamwe. Vaa nyeusi, au nyeusi na nyekundu. Mchango upeleke mezani. Utaandikwa na jina lako litatangazwa.

SWALI: Mume Mwakan akifa bila wosia, kweli wapwa wanachukua kila kitu? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Kwa mila, ndiyo, mali hubaki kwenye abusua ya mama yake, na jambo hilo liliwasumbua wamisionari pia. Tangu 1985 sheria ya PNDC 111 (PNDC ilikuwa serikali ya kijeshi ya wakati huo) inampa mjane na watoto nyumba na vyombo vya ndani. Mali inayobaki hugawanywa hivi: watoto 9/16, mjane 3/16, wazazi 1/8, na 1/8 kwa mila. Lakini inahusu mali aliyoichuma mwenyewe tu. Nyumba iliyojengwa kwa fedha za ukoo ndiyo inayofikisha watu mahakamani, kwa hiyo risiti za saruji na mabati zitunzwe zikiwa na jina la aliyenunua.