Kwa nini Josna hachuji?

SWALI: Mhariri, salamu kutoka Mikindani. Mwanangu alituonyesha kwenye simu sinema ya Bangladeshi iitwayo Beder Meye Josna, ya mwaka 1989. Kasri lake linaonekana wazi kuwa la kuundwa, na waigizaji wanapaza sauti kupita kiasi. Hata hivyo mama yangu, asiyejua hata neno moja la Kibengali, aliweka ungo chini akaitazama hadi mwisho. Sinema ya namna hii inapendwaje mpaka leo?
Msomaji, Mtwara

JIBU: Ndugu msomaji, sauti hizo zinatokana na jatra, mchezo wa kuigiza wa vijijini Bengal, unaochezwa huku watazamaji wameuzunguka uwanja, ambapo mwigizaji hana budi kumfikia hata aliyeketi nyuma kabisa. Nyimbo nazo hufanya kazi ileile ya wimbo katika ngano za Kimakonde na Kimwera: hadithi inasimama, moyo unasema, kisha safari inaendelea. Mwongozaji, Tojammel Haque Bokul, hakuona haya kuzipeleka kunga hizo kwenye sinema, na hapo ndipo alipopatia.

Hadithi yenyewe mama aliielewa kwa macho. Binti mdogo wa kadhi anaumwa na nyoka, anadhaniwa amekufa, anawekwa juu ya chelezo na kuachiwa mto. Wabede, watu wa mashua wanaoishi kwa kucheza nyoka na kutibu sumu, wanamwokota na kumlea; huyo ndiye Josna. Wabengali walikuwa wakisimuliana kwa karne nyingi juu ya Behula, aliyesafiri kwenye chelezo cha migomba pamoja na maiti ya mumewe aliyeumwa na nyoka, hadi akamrudishia uhai. Kwa hiyo chelezo kilipoonekana tu, walijua kwamba aliye juu yake hajaisha.

Lakini kiini cha mvuto, kwa maoni yangu, ni ahadi. Mwana wa mfalme, anayeigizwa na Ilias Kanchan, anaumwa na nyoka; Josna, ambaye ni Anju Ghosh, anahatarisha uhai wake akipuliza zumari ya wacheza nyoka mpaka kijana anapona. Mfalme alikuwa ameahidi kutoa chochote kitakachoombwa, ila binti anapomwomba kijana mwenyewe, anafukuzwa. Mtu wa Mikindani hahitaji mkalimani ili kuumia anapomwona mkubwa akiikana kauli yake mbele ya mnyonge aliyemtendea wema, hasa kwa kuwa sisi watazamaji tunajua Josna ni mtoto wa nani, naye mfalme hajui.

Mwaka 1991 sinema hiyo ilitengenezwa upya Bengal Magharibi, India, na Anju Ghosh akapewa tena nafasi ileile.

Kinachonisikitisha ni kwamba ugomvi unamalizwa na kugundulika kwa nasaba yake. Josna alikuwa amekwisha kustahili alichoomba tangu kijana alipofumbua macho, hata kama angekuwa Mbede wa damu.