Anza na swali, hojaji itasubiri

Utafiti wangu wa shahada ya uzamili niliuanzia mwisho. Kabla sijajua ninachokitafuta nilikuwa tayari na hojaji ya maswali 62, mengi nimeyaokota kwenye tasnifu za waliotangulia. Nikagawa, nikakusanya, nikaingiza data. Msimamizi wangu alifungua ukurasa wa pili, akaweka kidole kwenye swali la 14: "Jibu la hapa litakusaidia kuamua nini?" Sikuwa na la kusema. Zaidi ya nusu ya maswali yale hayakuwa na kazi, na yale niliyoyahitaji hasa sikuwa nimeyauliza. Ilibidi nirudi uwandani upya.

Tangu hapo, kila anayeniomba ushauri namwambia aandike kwanza swali lake kwa sentensi moja. "Uaminifu wa wateja" ni mada tu. "Je, mteja aliyetatuliwa lalamiko lake ndani ya siku moja hurudi kununua zaidi ya aliyesubiri wiki?" Hilo ni swali. Vigeu vyake viwili (mambo yanayobadilika na kupimwa) vinaonekana, nadharia tete, yaani dhana ya kujaribiwa, unaiona, na hata hojaji huihitaji: kumbukumbu za malalamiko na za mauzo zinatosha. (Angalia tu kwamba malalamiko yanayotatuliwa haraka mara nyingi ndiyo mepesi, hivyo huenda kinachomrudisha mteja si kasi yako.) Lakini ukitaka kujua kwa nini mteja aliyeridhika naye anaondoka, takwimu hazitakusimulia. Kaa na watu kumi na tano, uwasikilize, uwaache wakwambie usilolitarajia. Kwa sababu hiyo mabishano ya utafiti wa kitakwimu dhidi ya wa kimaelezo sishiriki. Swali lako limeshachagua.

Swali likikosewa, wingi wa data hauokoi. Mwaka 1985 Coca-Cola ilibadilisha kinywaji chake baada ya kuonjesha watu wapatao 200,000, wengi wakaipenda ladha mpya. Ilitoka Aprili, kufikia Julai kampuni ilikuwa imetangaza kuirudisha ile ya zamani, maana wateja walikuja juu. Majaribio yalipima ladha, wala hayakupima uchungu wa mtu kunyang'anywa alichokizoea. Hapo ndipo ilipo tofauti ya uthabiti na uhalali: kipimo chaweza kukupa jibu lilelile kila siku (huo ni uthabiti), na bado kikawa kinapima kitu kingine (hapo kimekosa uhalali).

Sasa sampuli, yaani watu unaowateua wawakilishe kundi zima, ambako naona wanafunzi wengi wakiumia. Wanaishika namba 384, idadi ya watu wa kuhoji, kama hirizi. Namba hiyo inatokana na hesabu ya kundi kubwa sana, kiwango cha uhakika cha asilimia 95 na kosa lisilozidi asilimia 5, na inadai watu wateuliwe kwa nasibu, kama kwa kupiga kura ya bahati. Ukituma kiungo cha hojaji kwa marafiki zako nao wakatumiana, hata ukipata majibu 3,000 hesabu hiyo haikuhusu. Mwaka 1936 jarida la Marekani, Literary Digest, lilituma karatasi za maoni zipatazo milioni 10, zikarudi zaidi ya milioni 2, likatabiri kwamba Alf Landon angekuwa rais. Mpinzani wake, Franklin Roosevelt, alishinda majimbo 46 kati ya 48. Majina mengi yalitoka kwenye orodha za wenye simu na wenye magari, yaani wenye nacho, wakati wa mdororo wa uchumi, na waliojisumbua kurudisha karatasi hawakufanana na walionyamaza.

Hojaji ikishakamilika, ijaribu kwa watu kumi walio nje ya sampuli yako, ukiwa umekaa nao, uone wanasita wapi. Kwenye utafiti wangu wa pili niliuliza: "Je, huduma ni ya haraka na ya bei nafuu?" Mtu wa kwanza aliinua kalamu, akaniuliza, "Nijibu lipi kati ya hayo mawili?" Nikaligawa kuwa maswali mawili kabla ya kuchapa nakala nyingine.