Michoro ya mwanzo wa filamu ya kutisha
Mdogo wangu, umeuliza uchore vipi zile dakika 2 za mwanzo, binti anaporudi hosteli Wandegeya, hapa Kampala, na kukuta umeme umekatika. Usihangaike na uzuri wa mchoro. Watu wa vijiti wanatosha, mradi mpiga kamera aelewe kamera inakaa wapi na binti anaelekea wapi.

Ila chini ya kila kisanduku, yaani mchoro wa picha moja, andika kinachosikika, maana hofu ya hapo inaingilia masikioni. Jenereta ya jirani ingurume picha za kwanza, kisha izimike ghafla. Kuanzia hapo tusikie kandambili zake tu.

Kisanduku cha korido ndicho cha kukupotezea usiku mzima. Mchore binti pembeni kabisa, ametugeuzia mgongo, tochi ya simu ikimulika sakafu, na upande wa pili mlango ulio wazi, mweusi tii. Usichore chochote ndani ya mlango huo! Mtazamaji atakijaza mwenyewe. Wala usikimbilie kukata kwenda picha nyingine: andika pembeni sekunde 12, na mwigizaji asigeuke.

Halafu ratiba. Kampala iko karibu na ikweta, jua linazama karibu saa 1 jioni na giza linashuka upesi sana, kwa hiyo picha za nje za wakati wa magharibi zitie alama na mzitengee jioni yake. Za korido mnaweza kupiga hata mchana, mkiziba madirisha kwa mablanketi mazito.