Maswali ya Bustani: Mkasi na Jua Kali

*Assalamu alaykum. Ua wangu wa mbogenvilia hapa Jambiani ulikuwa umefika mita mbili na nusu. Mwezi wa pili nilimwita kijana akaukata kwa panga hadi kiunoni, nikitaraji masika yakianza utachipua upya. Upande mmoja umechipua vizuri. Ule unaotazama magharibi umekauka na gome linabanduka. Ni ugonjwa gani huu?*
Msomaji, Jambiani

Waalaykum salaam. Gome limeungua kwa jua. Tawi lililokaa miaka ndani ya kivuli cha majani yake huwa na gome jororo, na ukilivua majani yote kwa siku moja, jua la kaskazi hulikuta tupu. Magharibi huumia zaidi kwa sababu jua la alasiri linapofika huko, mti na hewa vimeshapata moto tangu asubuhi. Gome hugeuka kahawia, hupasuka kwa urefu, kisha hubanduka. Na ardhi ya maweni haikai na maji, kwa hiyo mmea ulibaki na kiu wakati huohuo hauna majani ya kujitengenezea chakula.

Anza kwa kujua kilicho hai. Kwaruza gome kwa ukucha, ukianzia nchani na kushuka shubiri baada ya shubiri. Ukikuta kijani chenye majimaji, pana uhai. Ukikuta kahawia kavu, endelea kushuka. Kata milimita 5 hivi juu ya jicho la kwanza lililo hai, yaani pale chipukizi linapotokea, mkato ulale kidogo ili maji yateremke upande wa pili wa jicho. Ukiacha kijiti kirefu juu ya jicho, kitaoza na uozo utashuka.

Panga tuliache kwenye nazi. Tazama mkato wake kwa karibu: gome limechanika kuelekea chini, nyuzi zinaning'inia, na ufa umeingia ndani ya mti. Maji na ukungu hupitia humo humo. Vitawi visivyozidi unene wa kidole gumba vikatwe kwa mkasi wa kupogolea, vinene zaidi kwa msumeno mdogo. Tawi zito likate mara tatu: kwanza chini yake, theluthi ya unene, shubiri moja na nusu kutoka shinani, kisha juu yake, mbele kidogo ya mkato wa kwanza, hadi lianguke, mwisho safisha kisiki kilichobaki. Ukikata juu peke yake, uzito wa tawi huvuta gome la shina zima.

Vigogo vilivyobaki wazi vipake chokaa. Kilo 1 ya chokaa iliyokwisha kuzimwa kwa maji lita 4, iwe kama maziwa mazito, upake mara mbili upande wa magharibi na juu ya matawi yaliyolala. Chokaa mbichi inaunguza. Wapo wanaotia chumvi ili ishike. Kwa pwani yenu chumvi iliyopo inatosha. Huna chokaa? Simamisha kuti la kuezekea upande wa magharibi kwa wiki nne, majani mapya yatakuwa yameshatanda.

Kuhusu wakati: aliye mashamba ya Unguja au Pemba akate sana mwezi wa sita, masika yakiisha, udongo ungali na maji na kipupwe kimeingia. Wewe wa pwani ya mashariki usifuate hesabu hiyo. Kusi inawapiga kutoka baharini, na machipukizi machanga huungua kwa chumvi kabla hayajakomaa. Ngoja mwisho wa mwezi wa tisa au mwanzo wa mwezi wa kumi, kusi inapolegea na vuli iko karibu. Hata hapo usiondoe zaidi ya theluthi moja kwa mara moja. Ua wa mita mbili na nusu unaotaka ufike kiunoni, ushushe kwa misimu mitatu.

*Mimi ni mtu wa Wete, natunza bustani ya nyumba moja Muscat. Kuna oleanda na ua wa damasi (mti wa Conocarpus). Tajiri anataka vikatwe kila wiki mbili, hata mwezi wa saba. Nimwambie nini?*
Msomaji, Muscat

Mwambie kwa huko kazi kubwa ina mwezi wake: Februari hadi mwanzo wa Machi. Yaani mwezi uleule uliomuumiza mwenzako wa Jambiani ndio mzuri kwako, maana baridi ya Muscat inaisha na mmea unapata wiki kadhaa za kufunika matawi yake kabla joto halijapita nyuzi 40. Kuanzia Mei hadi Septemba ondoa vilivyokufa, vilivyovunjika na vinavyoziba njia tu, tena alfajiri.

Oleanda usiinyoe juu kama kichwa. Inachanua kwenye ncha za vitawi vipya. Ukiinyoa kila wiki mbili unakata maua kabla hayajaonekana, na ndani hubaki vijiti vitupu vyenye ganda jembamba la majani kwa nje. Kila mwaka chagua theluthi ya mashina ya zamani, yakate chini kabisa, na mapya yatapanda yenyewe. Damasi inakua upesi, hiyo inastahimili kunyolewa kidogo kidogo miezi ya baridi. Iache chini iwe pana kuliko juu kwa sentimita 20 hivi, la sivyo kivuli cha juu kitavua majani ya chini. Lakini usimwahidi tajiri kwamba kukata juu kutazuia mizizi kufuata mabomba.

Mwagilia vizuri siku moja kabla ya kukata. Baada yake punguza maji kidogo, kwa kuwa majani yamepungua, ila usiyafunge. Mbolea ya chumvichumvi ingoje machipukizi yafike urefu wa kidole.

*Asumini wangu kila akirefuka nampunguza, ananawiri majani matupu. Hata ya kikuba kimoja sipati.*
Bi. msomaji, Chake Chake

Unapunguza mara nyingi mno, Bibi. Asumini hutoa vikonyo kwenye ncha za vitawi vipya, na mkasi wako unatangulia. Mwache achanue, mkupuo wa maua ukiisha ndipo urudishe kila kitawi kilichochanua kwa theluthi, ukikata juu ya jozi ya majani. Kila jozi kwa kawaida hutoa vitawi viwili, na ndiyo maua yenyewe hayo. Mtilie ndoo ndogo ya samadi iliyooza, na hakikisha anapata jua kwa saa sita. Aliye chini ya mwembe hatawahi kukupa kitu.

*Nimepogoa oleanda, takataka niwape mbuzi au nichome?*
Msomaji, Makunduchi

Yote mawili hapana. Oleanda ina sumu ya moyo kuanzia mizizi hadi ua, na majani makavu yana sumu kama mabichi. Moshi wake pia unadhuru. Vaa glavu, kusanya hadi jani la mwisho, fukia kwenye shimo lenye kina cha mita moja, mahali palipo mbali na kisima. Mbuzi akishakula, usingoje dalili: mwite daktari wa mifugo saa ileile, na umwonyeshe kijitawi chenyewe.