Picha safi si cheti cha kupona: maswali yenu kuhusu mtikisiko wa ubongo

Barua nyingi safari hii zimetoka kwa watu waliogonga kichwa, wakaambiwa ni mtikisiko wa ubongo, na sasa kazi walizozizoea kwa miaka zinawashinda. Nimechagua chache.

Nilianguka kwenye ngazi siku tisa zilizopita. Picha ya CT ilitoka safi, nikarudi kazini siku ya tatu. Ikifika saa tano asubuhi kichwa kinagonga, barua pepe moja naisoma mara tatu bila kuielewa. Bosi anasema picha ikiwa safi, kilichobaki ni uvivu.

Nimeshalijibu hili mara nyingi na nitalijibu tena, kwa sababu linaumiza watu. Picha ya CT hutafuta damu iliyovuja ndani ya fuvu na mfupa uliovunjika. Mtikisiko wa kawaida hauonekani humo. Seli za ubongo zikitikiswa, potasiamu hutoka nje, kalsiamu huingia ndani, na ubongo huhitaji sukari nyingi kurudisha kila kitu mahali pake, wakati huohuo damu inayoleta sukari hiyo imepungua. Ndiyo maana unaamka vizuri na saa tano umeishiwa. Huo si uvivu, ndugu yangu.

Rudi kwa daktari akuandikie barua inayotaja saa na aina ya kazi. Neno "apumzike" peke yake halimsaidii mwajiri. Omba kuanza na nusu siku. Kazi ya kufikiri ifanye asubuhi, nyepesi ziache baadaye, moja baada ya nyingine. Kabla kichwa hakijaanza kugonga, tulia dakika kumi, tena bila simu mkononi, maana wengi huita mapumziko kumbe wamehamia kioo kingine. Andika kila unaloambiwa, usiitegemee kumbukumbu kwa sasa. Kama kazi yako ni ya kupanda juu, kuendesha gari au mashine, isubiri mpaka daktari akuruhusu, kwa kuwa mwili wako unachelewa kuitikia hata pale unapojiona uko sawa.

Jipime hivi: yape maumivu namba kati ya 0 na 10. Ukifanya kazi yakapanda kwa namba moja au mbili, kisha yakatulia ndani ya saa moja, endelea. Yakipanda zaidi, au ukaenda nayo kitandani, umezidisha. Kesho punguza, lakini usiache kabisa.

Na ninyi mnaosimamia watu: mfanyakazi aliyevunjika mguu hamumwambii abebe mizigo. Huyu naye mpeni wiki chache.

Mume wangu ana wiki mbili chumbani, mapazia yamefungwa, miwani ya jua usoni. Mama mkwe anasema asisumbuliwe.

Mtoe, dada, ila taratibu. Mama anasema kwa upendo, na zamani hata madaktari walishauri hivyo. Sasa ushauri umebadilika: wataalamu wa mtikisiko wa ubongo michezoni waliokutana Amsterdam mwaka 2022 walishauri kupunguza shughuli kwa saa 24 hadi 48 za mwanzo, kisha kuanza kutembea na shughuli nyepesi. Giza la wiki mbili huvuruga usingizi na kulegeza mwili, na macho yaliyozoea miwani ndani ya nyumba huuogopa mwanga zaidi. Fungua pazia nusu leo. Kesho tembeeni wote dakika kumi na tano.

Jambo ambalo hukuuliza: kaa naye umuulize kama amekata tamaa. Huzuni nzito huja baada ya majeraha ya kichwa, na mwanamume aliyejifungia huificha kirahisi. Akitaja kutotaka kuishi, usimwache peke yake, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Ni kweli nisilale baada ya kugonga kichwa?

Ukishapimwa na daktari akakuruhusu kwenda nyumbani, lala, usingizi ni sehemu ya kupona.

Kichwa kinauma tangu nilipogongwa. Nimeze nini?

Nimewaomba mara kadhaa msiniandikie hivi. Hakuna umri, hakuna siku ya kugongwa, hakuna dawa nyingine unazotumia. Kama unameza dawa za kuzuia damu kuganda, acha kusoma, nenda hospitali sasa hivi. Vivyo hivyo kama unatapika tena na tena, maumivu yanazidi, ulimi mzito, mkono au mguu unalegea, umepata degedege, mboni moja imepanuka kuliko nyingine, au maji yasiyo na rangi yanatoka puani au sikioni. Kama hayo hayapo, parasetamoli kwa kipimo cha kwenye pakiti inatosha kwa siku za mwanzo. Usiifanye chakula cha kila siku: dawa ya maumivu ikimezwa siku 15 au zaidi kwa mwezi, yenyewe huweza kuanza kuleta maumivu ya kichwa.

Sikupoteza fahamu. Jumamosi nina mechi, nicheze?

Hapana. Wengi wanaopata mtikisiko hawapotezi fahamu, na pigo la pili kabla ya kupona la kwanza limewahi kuua vijana.

Simu je?

Iweke kando siku mbili za mwanzo. Utafiti uliochapishwa 2021, wa watu 125 wenye umri wa miaka 12 hadi 25, ulionyesha kuwa walioacha vioo kwa saa 48 walipata nafuu mapema. Baada ya hapo irudishe kidogokidogo, mwanga ukiwa umepunguzwa.

Mimi ni mama wa watoto watatu, wiki ya tatu sasa. Kelele zao zinanifanya nifoke, halafu nalia. Nitabaki hivi?

Pole sana, mama. Watu wazima wengi hupata nafuu ndani ya wiki chache, na hasira hizi ni dalili kama kizunguzungu kilivyo dalili. Hujawa mama mbaya. Waambie watoto kwa maneno yao kwamba kichwa cha mama kimeumia ndani. Ukifika mwezi bila nafuu, rudi hospitali, uombe shingo, macho na mizani ya mwili vikaguliwe pia, kwani shingo iliyoteguka huleta maumivu yaleyale na mazoezi ya tiba huyasaidia. Kabla ya hapo, leo hii, mwombe dada au jirani awachukue saa moja mchana. Saa hiyo ilalie. Vyombo viache vilivyo.